Sheria ya familia ya Kiislamu sio kipindi cha dini, tuisome kama tunavyosoma jinai na mikataba

Kuna kitu kinaniumiza kwenye namna tunavyosoma sheria vyuoni na nataka nikiseme wazi. Mwanafunzi akiingia darasa la jinai anaingia na moto, anajua huko kuna mauaji, wizi, kujitetea, vitu anavyovisikia kwenye taarifa ya habari kila siku. Mikataba nayo anaiheshimu hata kama inamchosha, maana keshaambiwa huko ndo kwenye kazi, mabenki, makampuni, biashara. Ikija sheria ya familia ya Kiislamu watu wanalegea. Aliyepita madrasa anajiona keshamaliza, anasema haya si ndo yale ya ustadhi, na ambaye si Muislamu anaona halimhusu, anatafuta noti za mwaka jana, anakariri nguzo za ndoa na aina za talaka, anazimwaga kwenye mtihani, anapata alama zake na mwezi unaofuata hamna kitu kichwani. Hawa wawili walianzia sehemu tofauti kabisa ila wametoka na kitu kilekile, orodha.

Na sio kosa la mwanafunzi peke yake, mitihani yetu ndo inamfundisha hivyo. Ukiuliza "taja na ueleze" utapata kutajiwa na kuelezewa. Mimi nashikilia kwamba somo hili ni sheria kamili, lina hoja na ubishi wa karne nyingi kati ya mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, lina kesi zilizofika mahakama za juu kabisa, na zaidi ya yote ndo mahali ambapo yale uliyosoma kwenye jinai na mikataba yanapimwa kama uliyaelewa kweli.

Chukua suala moja tu, kulazimishwa. Mtu kashikiwa bunduki kichwani.

Kwenye mikataba swali ni kama sahihi aliyoweka inamfunga. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo nchi kadhaa ikiwemo Tanzania zilijengea sheria zao juu yake, inataka ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, na ridhaa ikipatikana kwa shuruti basi aliyeshurutishwa ana haki ya kuutengua. Halafu kuna Barton dhidi ya Armstrong, kesi ya Australia iliyoamuliwa na Privy Council, baraza la rufaa la London, mwaka 1973, Armstrong alimtishia Barton kumuua ili asaini makubaliano, na shida ikawa Barton mwenyewe alikuwa na sababu zake za kibiashara za kusaini, yaani huenda angesaini hata bila kutishwa. Majaji watatu dhidi ya wawili wakasema haijalishi, tishio likiwa mojawapo ya sababu zilizomfanya asaini inatosha, makubaliano yale hayamfungi.

Hamia jinai na bunduki ileile. Ukiambiwa uibe la sivyo unakufa, utetezi wa kulazimishwa unaweza kukuokoa. Ukiambiwa umuue mtu asiye na hatia, House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ilishasema kwenye kesi ya Howe mwaka 1987 kwamba utetezi huo haupo, huwezi kununua uhai wako kwa uhai wa mwenzako. Hapo walikuwa wanafuata njia ya zamani ya Dudley na Stephens, wale mabaharia wa 1884 waliomuua na kumla kijana Richard Parker wa miaka 17 wakiwa wamekwama baharini kwenye mtumbwi bila chakula, ingawa wao hawakulazimishwa na mtu, walibanwa na njaa.

Sasa bunduki ileile, mtu anaambiwa mpe mkeo talaka. Anatamka. Imepita au haijapita?

Hapa ndo unamjua mwanafunzi aliyesoma na aliyekariri. Aliyekariri atakwambia Hanafi wanasema imepita, Shafii, Maliki na Hanbali wanasema haijapita, hayo ndo madhehebu manne ya Sunni, atafunga kitabu. Lakini utamu wote uko kwenye kwa nini. Wale watatu wanategemea hadithi ya Mtume kwamba umma umeondolewa lawama ya kukosea, kusahau na kile ulicholazimishwa, kwa hiyo tamko la mtu aliyetishwa ni kama halijatamkwa. Wahanafi wanasema hapana, tuangalie vizuri, mtu huyu alijua anatamka nini na alichagua kutamka, alipima mabaya mawili akachukua lililo jepesi, kwa hiyo kuchagua kupo, kilichokosekana ni kuridhika. Na talaka kwao haihitaji kuridhika, ndo maana hata ya mzaha inapita, kuna hadithi maarufu ya mambo matatu ambayo ukweli wake ni ukweli na mzaha wake ni ukweli, ndoa, talaka na kumrejea mke. Lakini angalia, Wahanafi haohao ukiwaambia mtu kalazimishwa kuuza shamba, wanasema mauzo hayo hayamfungi, akitoka kwenye hatari ana hiari ya kuyapitisha au kuyavunja. Madhehebu moja, bunduki moja, majibu mawili! Sababu yao ni kwamba mauzo ni kitu kinachoweza kutenguliwa na roho yake ni kuridhiana, talaka ikishatoka haina kutenguliwa kwa namna hiyo.

Unaweza usikubaliane nao, na mimi binafsi naona jibu la wale watatu lina haki zaidi, hata Misri ambayo mahakama zake zilikuwa zinafuata Hanafi iliachana na jibu la Hanafi kupitia Sheria namba 25 ya mwaka 1929, ikasema talaka ya aliyelazimishwa na ya mlevi haipiti. Lakini huwezi kusema wale watu hawakuwa wanafanya sheria. Kwamba aliyelazimishwa bado anakusudia anachofanya ila hakipendi, ndo kitu hichohicho majaji wa Uingereza walikuja kukivutania kwenye kesi ya Lynch mwaka 1975, dereva aliyelazimishwa kuwabeba wauaji, kabla Howe haijaifuta. Mwanafunzi aliyeelewa ubishi wa mafakihi anaisoma Lynch kwa urahisi, na aliyeielewa Lynch anawasoma mafakihi kwa heshima. Vyuo vingi vinamfundisha mtu huyu mambo hayo katika vyumba vitatu, walimu watatu, mitihani mitatu, na hakuna hata mmoja anayemwambia kwamba ni swali moja.

Twende kwenye kesi ambayo kila mwanafunzi wa mikataba anaijua, Balfour dhidi ya Balfour ya mwaka 1919. Mume anafanya kazi Ceylon, Sri Lanka ya leo, mke kabaki Uingereza kwa sababu za afya, mume kamuahidi pauni 30 kila mwezi, baadaye mambo yakaharibika mke akadai. Mahakama ya Rufaa ikakataa, ahadi za mume na mke wanaoishi kwa wema hazikukusudiwa kupelekana mahakamani. Kisha unasoma Merritt ya 1970, pale wameshatengana na wameandikiana, mahakama ikasema hayo yanafungua mlango. Watu wanatoka na sentensi moja, makubaliano ya kifamilia sio mkataba, wanaibeba mpaka mwaka wa mwisho.

Halafu anafika kwenye nikahi anakuta ndoa yenyewe ni mkataba! Kuna ijabu na kabuli, yaani tamko la kutoa na la kukubali, vinatakiwa viwe katika kikao kimoja, kuna mashahidi, kuna suala la nani ana uwezo wa kufunga, Shafii wanataka walii, yaani msimamizi wa mwanamke, Hanafi wanamruhusu mwanamke mtu mzima mwenye akili kujiozesha, na kuna mahari ambayo ikiahirishwa inakuwa deni kabisa, mume akifa mke anasimama kwenye foleni ya wadai kabla hata warithi hawajagusa kitu. Kule Allahabad, India, mwaka 1886 kwenye Abdul Kadir dhidi ya Salima, Jaji Mahmood aliandika kwamba ndoa kwa Waislamu ni mkataba wa kiraia, na akailinganisha mahari na bei kwenye mkataba wa kuuza ili aeleze haki ya mke ya kujizuia mpaka alipwe. Weka hukumu hiyo mezani pembeni ya Balfour umuulize mwanafunzi, wote wawili wanaongelea mume, mke na pesa, imekuaje wa Balfour anafunga mlango na Mahmood anaufungua? Kule kwa Balfour ndoa ilishachukuliwa kama hali fulani ambayo ndani yake mahakama haiingii, huku ndoa imeanza na masharti yanayodaika tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi akiweza kukujibu hilo vizuri basi ameelewa nini maana ya nia ya kufungwa kisheria, na hilo ni somo la mikataba, limefundishwa na nikahi.

Ila na hapa nataka tuwe makini, kwa sababu kuna wanafunzi wakishagundua kwamba ndoa ni mkataba wanashangilia na kuanza kuongea kama vile mwanamke ni bidhaa. Mahari sio bei ya mtu. Aya ya nne ya Sura An-Nisaa inaamuru wanawake wapewe mahari yao kama tunu, anapewa yeye, sio baba yake wala kaka yake, na ulinganisho wa Jaji Mahmood ulikuwa chombo cha kuelezea nani anadai nini na lini, basi.

Na lugha ya mkataba imeshawahi kutumika vibaya sana kwenye ndoa, tena sio kwa Waislamu. Matthew Hale, jaji mkuu wa Uingereza wa karne ya 17, kwenye kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1736, miaka mingi baada ya kifo chake, aliandika kwamba mume hawezi kuwa na hatia ya kumbaka mkewe, kwa sababu kwa ridhaa na mkataba wao wa ndoa mke amejitoa kwa mumewe na hawezi kujirudisha. Sentensi hiyo moja ikaongoza jinai ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 250 mpaka House of Lords ilipoizika mwaka 1991 kwenye kesi ya R dhidi ya R. Fikiria wanawake wangapi walifungiwa mlango wa polisi na mahakama kwa sababu ya mtu mmoja aliyechukua wazo la mikataba akaliingiza kwenye jinai bila kulichunguza. Mwanafunzi wa mikataba alitakiwa amuulize Hale, mkataba gani huo ambao ridhaa inatolewa mara moja kwa maisha yote na kwa kila tukio? Mwanafunzi wa jinai alitakiwa amuulize, ridhaa kwenye kosa la kubaka si inaangaliwa wakati wa tendo? Na mwanafunzi wa fikihi alitakiwa awepo pia, maana Wamaliki walishampa kadhi nguvu ya kuvunja ndoa kwa sababu ya madhara ambayo mke anafanyiwa, na ndo kwao zilikoazimwa sababu nyingi za Sheria ya Kuvunja Ndoa za Kiislamu ya India ya mwaka 1939, kwenye nchi ambayo Waislamu wengi ni Wahanafi. Ndoa kuwa mkataba maana yake ina masharti, na masharti yakivunjwa kuna pa kutokea.

Umri nao ni hivyohivyo. Kwenye mikataba unafundishwa Mohori Bibee dhidi ya Dharmodas Ghose ya mwaka 1903, mkataba wa mtoto chini ya sheria ya 1872 ni batili kabisa, sio wa kutenguka tu, ni sawa na karatasi tupu. Ukienda kwenye Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha kubaka baada ya mabadiliko ya mwaka 1998, unakuta kulala na msichana chini ya miaka 18 ni kubaka hata akikubali, isipokuwa kama ni mke wa mtu huyo mwenye miaka 15 au zaidi na hawajatengana. Yaani mtoto yuleyule hawezi kukopa fedha kwa mkataba, hawezi kukubali tendo la ndoa nje ya ndoa, ila akiolewa sheria ya jinai inageuza uso. Kosa la jinai hapo limeshikiliwa na jibu la sheria ya ndoa. India walikuwa na mwanya kama huo na Mahakama ya Juu ikauziba mwaka 2017, na Tanzania Mahakama Kuu mwaka 2016 kwenye kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana aolewe chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubaliana mwaka 2019. Mtu anayesoma jinai bila kusoma ndoa hawezi hata kujua kwamba swali hili lipo.

Wengine watasema hizi ni kesi za Waislamu waachiwe Waislamu. Hapana jamani. Talaka tatu kwa mpigo zilipofika Mahakama ya Juu ya India mwaka 2017 kwenye kesi ya Shayara Bano, majaji walikuwa watano, Singasinga, Mkristo, Mparsi, Mhindu na Muislamu, na wakagawanyika watatu kwa wawili, na mgawanyiko wenyewe haukufuata dini, jaji Muislamu na jaji Singasinga ndo walikuwa upande mmoja wa wachache. Tanzania Bara kesi za ndoa na talaka za Waislamu zinasikilizwa na mahakama za kawaida chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na hakimu hachagui dini ya mtu anayeingia mlangoni. Kenya Katiba ya 2010 imezipa mahakama za kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko, ila rufaa inaenda Mahakama Kuu. Kwa hiyo ambaye leo anasema hili sio langu kesho ndo ataandika hukumu ya mjane wa watu.

Na hao wa madrasa nao, naomba wasinielewe vibaya, msingi walioupata kule ni hazina, mtu anayejua eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi na ya mjamzito ni mpaka ajifungue kashatangulia mbele. Lakini kujua hukumu ya madhehebu yako sio sawa na kujua mahakama itaithibitishaje, nani anabeba mzigo wa ushahidi, talaka inayodaiwa ilitamkwa usiku wakiwa wawili tu inathibitika vipi, na bunge la nchi limeongeza nini juu yake.

India ileile ndo mfano mzuri. Baada ya ile hukumu ya 2017 bunge likapitisha sheria mwaka 2019 kwamba kutamka talaka tatu kwa mpigo ni batili na pia ni kosa la jinai, kifungo mpaka miaka mitatu na faini. Isome sheria hiyo kama mwanasheria wa jinai. Kama tamko ni batili maana yake ndoa ipo palepale, mke bado mke, sasa mume anaadhibiwa kwa maneno ambayo sheria yenyewe inasema hayana athari? Kuna jibu, mke kafukuzwa nyumbani kweli na kafedheheka kweli, batili ya kwenye karatasi haimrudishi ndani. Lakini kuna na swali gumu zaidi, sheria hiyohiyo inampa mke haki ya kudai fedha za kujikimu kutoka kwa mume, na mume yuko jela, atalipa na nini? Mimi naona batili ilikuwa sahihi na jela haikuwa sahihi, nguvu zote zingewekwa kwenye matunzo na makazi. Wapo wanaoona kinyume na hoja zao zina uzito. Huu ndo ubishi ninaotaka kuusikia kwenye semina, badala ya kumsikia mtu anasoma kwa sauti tofauti ya talaka rejea, ambayo mume anaweza kumrejea mke, na talaka bain, ambayo hawezi kumrejea bila ndoa mpya.

Kwanza hata Shah Bano, kesi ya mwaka 1985 iliyotikisa India nzima, huyu mama aliolewa 1932 akaachwa 1978, alidai matunzo kwa kutumia kifungu cha 125 cha sheria ya mwenendo wa jinai! Matunzo ya mke aliyeachwa, ndani ya kitabu cha jinai. Mipaka tunayochora kwenye ratiba ya masomo wenye shida zao hawaijui.

Sasa nije kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote, muuaji anarithi?

Mwaka 1882 New York kijana Elmer Palmer alimpa sumu babu yake kwa sababu aliogopa mzee atabadilisha wasia. Wasia ulikuwa halali, umeandikwa vizuri, na sheria ya wasia haikusema popote kwamba muuaji asipewe. Kesi ya Riggs dhidi ya Palmer ikaamuliwa 1889, wengi wakasema mtu hafaidiki na uovu wake, jaji Gray akapinga akasema sheria ya jinai ndo imeshamuadhibu, sisi hatuna mamlaka ya kumuongezea adhabu ya kumnyang'anya mali. Kesi hii inafundishwa kila mahali kwenye falsafa ya sheria, na inastahili.

Lakini fungua mlango wa mirathi ya Kiislamu, swali hilohilo lilikuwa limechambuliwa muda mrefu sana na kwa undani ambao Riggs haikuufikia. Kwamba muuaji harithi inatokana na hadithi, hapo hawabishani. Wanabishana ni muuaji gani. Shafii wanamzuia kila aliyeua, hata aliyeua kwa bahati mbaya kabisa, hawaangalii nia. Maliki wanaangalia nia, aliyeua kwa kukusudia na kwa dhulma hapati kitu, aliyeua kwa bahati mbaya anarithi mali ila hagusi diya, yaani fidia ya damu. Hanafi wanaangalia mkono, aliyeua moja kwa moja kwa mkono wake bila haki anazuiwa hata kama alikosea, ila aliyesababisha tu kwa mbali, mfano wao maarufu ni aliyechimba kisima njiani ndugu yake akatumbukia akafa, huyo anarithi.

Mwanafunzi wa jinai akisoma hapo anatakiwa aruke kwenye kiti. Nia, kitendo cha moja kwa moja, mnyororo wa kusababisha, na kosa lisiloangalia nia, mada zote za muhula wa kwanza wa jinai zimekaa kwenye swali moja la mirathi, na kila madhehebu imechagua kamba yake ya kushika. Halafu muulize, dereva aliyegonga gari kwa uzembe mama yake akafa, kwa kila madhehebu anapata nini? Na ikiwa mahakama ya jinai imemwachia kwa sababu upande wa mashtaka haukuthibitisha bila kuacha shaka, kama kesi ya Uingereza ya Woolmington ya 1935 inavyodai, je kadhi anafungwa na kuachiwa huko au yeye ana kipimo chake cha ushahidi? Nimeona wanafunzi wazuri sana wakikwama hapo kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Hesabu za mirathi nazo ziheshimiwe, watu wanazikimbia kwa kuogopa namba. Mwanamke kafa kaacha mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja. Mume fungu lake ni nusu kwa kuwa hakuna mtoto, dada wawili fungu lao ni theluthi mbili. Weka juu ya sita, mume tatu, dada nne, jumla saba. Mali haitoshi! Zama za Khalifa Umar jibu likawa kuongeza namba ya chini kutoka sita kuwa saba, mali igawanywe mafungu saba, mume achukue matatu na kila dada mawili, kila mtu apungukiwe kwa uwiano wake, na Ibn Abbas hakukubali, yeye alitaka wapungukiwe baadhi tu. Ukiangalia hapo ni lojiki ileile ya wadai wa mtu aliyefilisika, madeni yamezidi mali, je wote wapunguzwe sawasawa au kuna wa kutangulia? Anayesoma sheria za biashara atakutana na swali hilo tena na tena. Lakini tunamfundisha mtu mirathi kama jedwali la kukariri, nusu, robo, thumni, bila kumwonyesha siku jedwali linapogoma.

Ninachoomba sio masomo haya matatu yaunganishwe liwe moja, kila moja lina uzito wake na linahitaji muda wake. Naomba mwalimu wa mikataba akifika Balfour aiguse mahari hata kwa nusu saa, mwalimu wa jinai akifika kwenye nia awaulize kuhusu muuaji na mirathi, na mwalimu wa familia ya Kiislamu adai kusomwa kwa hukumu zenyewe, Abdul Kadir nzima, Khurshid Bibi ya Pakistan ya mwaka 1967 nzima, ile iliyosema mahakama inaweza kumpa mke khului, talaka anayoiomba mke kwa kurudisha mahari, hata mume akigoma, uone majaji walivyoisoma aya ya 229 ya Sura Al-Baqara, waliisoma kama wanasheria wanavyosoma kifungu, neno kwa neno. Mwanafunzi ukishasoma hukumu hiyo andika upande wa mume hoja zake zenye nguvu kuliko zote, halafu uzijibu. Na kila ukiandika msimamo wa fikihi taja madhehebu, kusema tu "Uislamu unasema" kwenye karatasi ya mtihani wa sheria ni sawa na kusema "mahakama inasema" bila kutaja mahakama gani.

Na mtihani ubadilike. Mimi ningetunga swali moja tu. Mume kamtumia mkewe ujumbe wa simu, nimekuacha, mara tatu. Wiki mbili baadaye anasema shemeji yake ndo alimshikia panga akaandika, shemeji anakana. Mke ana mahari iliyoahirishwa kwenye cheti na ana karatasi ambayo mume aliandika wakiwa na furaha kwamba atamnunulia kiwanja. Kabla kesi haijasikilizwa mume anamgonga mke na gari akitoka nyumbani kwa kasi, mke anafariki, kaacha mume huyo, mama na dada wawili. Mshauri mama wa marehemu, mshauri shemeji, mshauri mume. Saa tatu, na vitabu viruhusiwe.